Ufunguo wa Pili

Kufuli lilikuwa mahali pake, limefungwa barabara, linang'aa kama siku lilipotolewa kwenye boksi. Ndani, juu ya meza ya dirishani, palibaki mstatili safi usio na vumbi la nyuzi, pale kitako cha cherehani kilipokaa miaka nenda miaka rudi. Cherehani yenyewe haikuwepo. Fundi alisimama na mfuko wa vifungo mkononi, akaitazama meza, akautazama mlango, akaitazama meza tena. Mlango haukuwa na mkwaruzo. Nondo za dirisha zilikuwa zimetimia. Magauni ya wateja yalikuwa yananing'inia ukutani vilevile alivyoyaacha.

Alikaa kitako kwenye kitanda. Cherehani ile ndiyo iliyomlisha tangu ujane wake ulipoanza, na ndiyo iliyomsomesha binti wa marehemu kaka yake, ambaye alimchukua akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Binti huyo mtaani walimwita Kimya, kwa utani tu, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Mwenyekiti wa mtaa alifika kabla hata hajaitwa. Ni mzee mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, na suala la wizi alikuwa amelivalia njuga. Wakazi walikuwa wamechoka kuibiwa ndoo, viatu na nguo za kambani. Ndiye aliyemwalika askari kwenye mkutano wa mtaa, naye askari akawaasa wasifiche ufunguo chini ya zulia la mlangoni, wajuane na majirani, na wayatupe makufuli yao ya kizamani yanayofunguka kwa msumari. Mwenyekiti hakulaza damu. Alikwenda dukani mwenyewe, akarudi na boksi zima la makufuli, yote ya aina moja, makubwa na mazito, kila moja na funguo zake mbili. Akayagawa nyumba kwa nyumba, na mtaa ukapendeza, milango yote imevaa sare kama watoto wa shule moja.

Sasa aliinama, akaligeuzageuza kufuli la Fundi, akajinyoosha taratibu.

"Halikuvunjwa hili," alisema. "Aliyeingia hapa ameingia na ufunguo, Fundi. Hilo halina mjadala."

Akaondoka akitikisa kichwa. Lile neno alilolisema halikuondoka naye.

Kimya alirudi jioni kutoka kwenye kiwanda cha mikate alikofanya kazi, na kama kawaida alianza kuongea kabla hajafika mlangoni. Msimamizi wao kaunguza trei nzima leo, halafu kasingizia umeme. Shangazi angemwona alivyojikausha. Alipovuka kizingiti akaiona meza, maneno yakakatika.

"Shangazi, cherehani iko wapi?"

Fundi alikuwa na nafasi ya kusema mengi. Angeweza kusema tumeibiwa, mwanangu, na wangelia pamoja. Lakini siku hiyo kichwani mwake mlikuwa na hesabu moja tu, nayo ikamtoka ilivyo.

"Funguo ziko mbili," alisema. "Mmoja ninao mimi."

Binti hakujitetea, wala hakula kiapo. Alimtazama shangazi yake kwa muda, kama mtu anayesubiri mwenzake acheke ili ajue ni utani. Kisha akautoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani, katikati ya ule mstatili usio na vumbi, akachukua nguo zake chache na kwenda kuishi kwa mfanyakazi mwenzake. Jina lake likamkaa sawasawa kuanzia hapo.

Wenye busara zao walimpongeza Fundi. Eti afadhali amemjua mapema. Yeye aliitikia, lakini usiku alipofunga komeo la ndani alikuwa akijikuta anaacha wazi upande wa pili wa kitanda kama vile kuna mtu atakayekuja kulala. Alishona kwa mkono sasa, vifungo na mapindo, kazi za kuganga njaa. Na kila alipokosea kutunga uzi sindanoni alimkasirikia Kimya, kwa sababu kutunga uzi ilikuwa kazi ya Kimya. Siku nyingine alijiuliza mtoto aliyeshindwa kuficha hata sukari aliyoiba utotoni angewezaje kuificha cherehani. Swali lilikuwa zuri. Alilinyamazisha, maana akilijibu atalazimika kwenda kuomba radhi.

Mambo yaligeuka asubuhi moja ya jua, kwa kosa la kijinga. Fundi alikuwa anatoka bombani, beseni la nguo mbichi kichwani, mawazo yakiwa kwenye kiwanda cha mikate. Nyumba za safu ile zinafanana kama zimefyatuliwa kwenye kalibu moja. Alifika mlangoni, akatoa ufunguo, akafungua kufuli bila kuangalia, akaingia, akatua beseni. Ndipo harufu ikamshtua. Haikuwa harufu ya kwake. Kulikuwa na jozi mbili za viatu vya shule chini ya kiti, vidogo, vinavyolingana. Alikuwa nyumbani kwa Mama Pacha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Alitoka nje mbio mbio na kufuli la watu mkononi, likiwa wazi, ufunguo wake mwenyewe ukiwa ndani yake. Na hapo hapo Mama Pacha akatokea na kikapu chake.

Mama Pacha alisimama. Macho yake yalikwenda kwenye kufuli, yakaenda kwa Fundi, yakavuka bega lake kuchungulia ndani kama vitu vipo. Fundi aliijua hiyo njia ya macho. Ndiyo njia aliyoyapitishia macho yake jioni ile, kutoka mezani hadi usoni kwa Kimya. Hakuwahi kujua inauma hivyo upande wa pili.

"Jirani," alisema, "usiniulize kitu kwanza. Chukua ufunguo wako, twende kwangu."

Walikwenda. Ufunguo wa Mama Pacha ukaingia kwenye kufuli la Fundi, ukazunguka bila hata kusita.

"Mungu wangu," alisema Mama Pacha, akakaa barazani. Kisha akaanza kucheka, na macho yakamjaa machozi. "Kumbe tumelala na mlango mmoja mtaa mzima."

Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wanatembea nyumba hadi nyumba wakijaribu. Funguo za yule zikafungua kwa huyu, za huyu kwa yule, na kwa Mwenyekiti zikafungua za wote. Mzee alikaa kwenye ngazi yake na kulishika kufuli kwa mikono miwili. Gwaride lilikuwa limemtoka kooni.

"Nilitaka mtaa ulale usingizi," alisema polepole. "Nisamehe, Fundi. Lile neno nililisema mimi."

"Ulilisema wewe," Fundi alimjibu, "lakini niliyeliamini ni mimi. Na mimi ndiye niliyemlea."

Cherehani haikupatikana. Angeweza kuichukua mtu yeyote aliyewahi kununua kufuli kwenye duka lile. Fundi hakutaka hata kumtafuta mwizi. Alinunua kufuli jingine mbali, akazijaribu funguo zake kwenye makufuli ya majirani wote na funguo zao kwenye lake, kisha akaenda kusimama kwenye geti la kiwanda cha mikate mpaka Kimya akatoka, aproni imejaa unga.

Fundi alikuwa amepanga maneno njia nzima.

"Nilikukosea," alisema. "Sina la kujitetea." Akanyoosha mkono wenye ufunguo. "Huu haufungui mlango wa mtu mwingine."

Kimya aliutazama ufunguo bila kuugusa.

"Umejaribu?"

"Nimejaribu mtaa mzima."

Binti aliuchukua, akautia kwenye mfuko wa aproni, akarudi ndani. Hakusema atakuja wala hatakuja.

Jioni hiyo Fundi alifunga mlango wake kwa nje, akabeba kigoda, akaenda kukaa barazani kwa Mama Pacha.

"Wewe, kwako kuna nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Hakuna mtu," alisema Fundi. "Nikiwa ndani, Kimya atautumia wapi ufunguo wake?"

Mama Pacha alimwelewa, akasogeza kiti chake. Walikaa wakiutazama mlango uliofungwa, mpaka jua likaanza kuzama na watoto wakaitwa kuoga.

Kimya alikuja akitembea taratibu, mkate kwapani. Hakuwaona. Mama Pacha alifungua mdomo, Fundi akamshika goti.

Binti alifika mlangoni, akachomeka ufunguo. Kufuli likafunguka. Akalifunga tena. Akalifungua tena. Kisha akaingia, na muda si muda taa ya dirishani ikawaka juu ya meza tupu. Fundi alikuwa bado amelishika goti la jirani yake.