Mbwa wa Bure

Tabibu Cyprian alinipa shikamoo, na hapo hapo nikaanza kumchukia. Shikamoo yenyewe haina ubaya. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Endagikot, na nimewachapa watoto wa watu kwa kusahau kuitoa. Lakini yeye aliitoa huku macho yake yanamtafuta mke wangu, na mimi nikajiona nimezeeka mlangoni kwangu mwenyewe, na miaka yangu ni arobaini na sita tu.

"Marahaba," nikasema. "Umepotea njia?"

"Hajapotea, Baba Ignasi," mke wangu akadakia kutoka ndani. "Nimemwita mimi. Aangalie kompyuta."

Mke wangu ni Gaudensia. Ni mhudumu wa zahanati, kazi ya kufunga vidonda na kupima watoto uzito, na Cyprian ndiye tabibu wake pale, kijana kutoka Bukoba aliyeletwa kwetu mwaka jana. Mwaka ninaousema ni huu huu wa 2009. Gaudensia alikuwa ameomba nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kimoja huko Moshi. Miaka kumi na minne alikuwa akiosha mikono kwenye beseni moja na manesi, wao wakiitwa sista na yeye akiitwa "wewe mama". Safari hii alitaka cheti. Kwa ajili ya maombi hayo tulinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, kutoka Arusha, na modemu ya kuchomeka ambayo ilishika mtandao ukiiweka dirishani tu, upande wa kilima.

Cyprian ndiye aliyemfungulia anwani ya barua pepe na programu ya kushushia barua. Sasa alikuja na CD mfukoni.

"Mwalimu, hii kompyuta iko uchi," akasema. "Ukishachomeka modemu, dunia nzima inaweza kugonga. Ya parokia imeliwa na virusi wiki iliyopita, wamepoteza majina yote ya wabatizwa. Lazima muweke faiwoli."

"Ukuta wa moto," nikatafsiri, ili ajue na mimi nimesoma.

"Ndiyo huo! Ziko tatu hapa, zote za bure kwa mtu wa nyumbani."

Rahisi ghali, walisema wahenga. Cha bure hawakukisema, labda kwa sababu walikiogopa.

Wakakaa wawili mbele ya kioo cha kompyuta, mimi nikiwa nyuma yao na daftari za watoto za kusahihisha. Nilisahihisha daftari moja kwa saa nzima. Cyprian alimwita mke wangu "Dada Gaude". Mimi namwita Mama Ignasi tangu kijana wetu azaliwe, na sikujua kwamba jina lake linaweza kukatwa hivyo. Kisha akasema kitu kuhusu mdudu wa kompyuta na mdudu wa malaria, na Gaudensia akacheka. Kile kicheko nilikijua. Ndicho kilichonifanya niende kwao kutoa posa, na sikuwa nimekisikia miaka mingi. Alipoinuka kuleta chai, akamletea katika kikombe chenye maua, kile tunachomwekea Padre akija kubariki nyumba. Mimi nikapewa cha bati.

Nilikuwa na wivu. Nasema wazi, kwa sababu wakati ule niliuita tahadhari.

Cyprian akazieleza zile faiwoli. Ya kwanza ilikuwa na picha ya ngao ya kijani: inakaa kimya na kufanya kazi yake, haimsumbui mtu. Ya pili ilikuwa na kufuli, nzuri lakini nzito kwa kompyuta kuukuu. Ya tatu ilikuwa na picha ya mbwa.

"Hiyo ya mbwa inabweka mno," akasema. "Kila programu ikitaka kutoka, inauliza. Ruhusu au kataa. Halafu inaandika kila kitu kwenye daftari lake: nani katoka, saa ngapi, nani kakataza. Itawachosha bure. Mimi nawashauri ngao."

"Hata mimi naona ngao," akasema Gaudensia.

Kama yule kijana angeshauri mbwa, ningechagua ngao. Lakini alishauri ngao, na mke wangu akakubaliana naye haraka kuliko anavyokubaliana nami. Tena nilikuwa nimesikia lile neno: daftari. Nani katoka, saa ngapi.

"Hapa tunaweka mbwa," nikasema. "Kila boma la maana lina mbwa."

Wakatazamana. Hata kule kutazamana nikakuweka akilini.

Mbwa alipoingia aliuliza jina la msimamizi, yule mwenye amri ya mwisho. Nikamwondoa Cyprian kwenye kiti, nikakaa mwenyewe, nikaandika kwa herufi kubwa: MKUU WA KAYA. Nikaweka na neno la siri. Gaudensia akanitazama, akakusanya vikombe.

Kuanzia siku hiyo nilitoka shuleni saa tisa unusu kama mtu anayefukuzwa. Nilifungua kwanza daftari la mbwa, ndipo nikala. Siku ya tatu nilikuta majaribio mia mbili na kumi na manne ya watu wasiojulikana kutaka kuingia kwetu. Mia mbili na kumi na manne! Baadaye nilielezwa kwamba hayo ni mambo ya kawaida ya mtandao, wala hakuna mtu anayemjua mwenzake. Siku ile nilimtazama Gaudensia akichambua mboga, kanga imefungwa kiunoni, nikajiuliza anavutia watu wangapi.

Jioni moja mwanzoni mwa Julai, yeye akiwa bado zahanati, nilikuwa nasoma magazeti mtandaoni. Dirisha dogo likaruka na kichwa cha mbwa. Programu ya barua inataka kutoka. Ruhusu au kataa? Na chini yake kisanduku kidogo: kumbuka jibu hili.

Barua! Barua kwa nani? Mke wangu anaandikiana na nani ambaye hawezi kumngoja mpaka kesho zahanati? Nilimwona yule kijana kichwani mwangu na kikombe chake cha maua. Nikabofya kataa, nikaweka tiki kwenye kumbuka, na roho yangu ikatulia kama nimekula nyama.

Mtaniuliza: na chuo je? Chuo nilikikumbuka, Mungu ni shahidi. Lakini mimi ni mtumishi wa serikali wa siku nyingi. Nilivyofahamu, jambo la maana huja kwa posta, katika bahasha ya kaki, lina muhuri, na jina lako limepigwa taipu. Barua ya kuajiriwa kwangu ilikuja hivyo. Barua ya kupandishwa daraja ilikuja hivyo. Kumwambia mtu "umechaguliwa" kwa njia ileile wanayotumia vijana kutongozana, chuo gani kingefanya hivyo? Kwa hiyo kila Ijumaa nilipanda baiskeli mpaka Mbulu mjini kufungua sanduku la posta la parokia tunalotumia, nikitafuta bahasha ya mke wangu. Nilitafuta kwa moyo wote. Nikirudi mikono mitupu nilimwambia pole, na pole ile ilikuwa ya kweli.

Yeye kila jioni alifungua programu yake ya barua. Ilizunguka kidogo, ikasema imeshindwa.

"Mtandao," nikasema.

"Mbona magazeti yako yanafunguka?"

"Magazeti yana njia yake na barua zina njia yake."

Nilisema kwa sauti ya darasani, na yeye akaniamini kwa kuwa mimi ndiye mwalimu. Wiki ya pili akasema amemweleza Tabibu, na Tabibu yuko tayari kuja kuangalia.

"Nyumba hii haina cha kuangaliwa," nikamjibu. "Au kuna kitu anakifuata hapa?"

Alichukua ndoo akaenda kukamua ng'ombe, na ng'ombe alikuwa amekwisha kukamuliwa.

Agosti ikapita tukivuna mahindi. Siku moja, wiki ya kwanza ya Septemba, akaja Philomena, mhudumu wa zahanati ya Gehandu, kule Hanang. Walisoma wote darasa moja na Gaudensia, na maombi walituma pamoja. Alishuka kwenye gari na sanduku jipya la bati, akicheka tangu getini.

"Gaude! Umeshafunga mizigo? Nimekupitia tuondoke wote kesho, tusije tukachelewa kuripoti."

"Kuripoti wapi?" akauliza mke wangu.

Philomena akaacha kucheka. "Majina si yalitoka Julai? Tuliandikiwa wote, la kwako nililiona kwa macho yangu. Walituma kwa barua pepe."

Gaudensia hakuniomba ruhusa. Alitoka na ndara zake za ndani, na baada ya nusu saa alirudi na Cyprian. Yule kijana akanipa shikamoo, safari hii akinitazama mimi, kisha akakaa mbele ya kioo. Aliijaribu programu ya barua, akakunja uso. Akafungua daftari la mbwa, akashusha, akashusha, akasimama. Aliondoa mkono kwenye kipanya kama kimemuunguza.

"Inasemaje?" akauliza mke wangu.

"Dada Gaude, labda Mwalimu mwenyewe ndiye..."

"Toka hapo nisome."

Alisoma kwa sauti, polepole, kwa kile Kiingereza chake cha zahanati, akitafsiri neno kwa neno mbele ya Philomena. "Tarehe tatu Julai. Saa kumi na moja jioni na dakika nane. Programu ya barua. Imekataliwa. Kumbuka: ndiyo. Amekataa..." Hapo hapakuhitaji tafsiri, kwa kuwa nilikuwa nimeandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. "Mkuu wa kaya."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilimchagua mbwa kwa sababu anaandika kila kitu, na kweli, aliandika.

Nikatoa neno la siri nikiwa nimesimama, mbele ya wageni. Lilikuwa mwaka wa ndoa yetu. Cyprian akabofya ruhusu, na barua zikaanza kushuka. Zilikuwa nne. Tatu zilitoka chuoni. Ya kwanza ilimpongeza na kumtaka athibitishe kabla ya tarehe ishirini. Ya pili ilimkumbusha. Ya tatu, ya mwezi wa nane, ilisikitika kwamba nafasi yake amepewa mwingine. Ya nne ilitoka kwa watengenezaji wa mbwa, wanatushukuru kwa kuwachagua.

Kutoka kwa Cyprian hakukuwa na hata moja. Niliitafuta kwa macho, na naona aibu kusema kwamba hata saa ile nilikuwa naitafuta.

Cyprian akasema pole, akaondoka bila kukaribishwa chai. Philomena alilala kwetu, na asubuhi akapanda gari la Moshi peke yake. Gaudensia alimbebea sanduku mpaka barabarani. Hakulia mbele yangu, wala hakunitukana. Nilitamani anitukane.

Sasa ni Novemba na yuko nyumbani. Hicho ndicho nilichokitaka, na ninacho. Anapika, anakwenda kazini, anarudi saa ileile. Ila kila anapotaka kutoka husimama mlangoni, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Baba Ignasi. Natoka kwenda zahanati. Ruhusu au kataa?"

Jumapili iliyopita jumuiya ilisali kwetu, watu wamejaa sebuleni. Akasimama akauliza hivyohivyo, kwamba anatoka kwenda kuchota maji ya chai. Wakacheka wote, Mzee Gidamis akasema ndoa yetu bado ina utani. Na mimi nikacheka. Nikasema ruhusu.

Leo asubuhi aliuliza tena. Nikamwambia, "Ruhusu, Mama Ignasi. Na uweke ile tiki ya kumbuka, basi, usiwe unaniuliza kila siku."

Aliifunga kanga yake vizuri.

"Nimeshaiweka, kwenye lile jibu la Julai," akasema, akafunga mlango taratibu.