Zamu ya Mzee Kisyeri Kwenye Distribyuta

Asubuhi nilikuwa nakamua. Ng'ombe wetu mwekundu hana shida na mtu, ila lori la babu lilipiga baruti nyuma ya zizi, paa! Akapiga teke ndoo, maziwa yote yakaenda kwa paka. Bibi akatoka jikoni na mwiko akaniuliza mimi kuna nini, kama vile bomba la moshi ni langu.

Lori lenyewe ni la petroli, silinda sita, la zamani mpaka baba yangu alizaliwa akalikuta. Mbele limeandikwa MTANIKUMBUKA. Babu Nyangwine amebebea humo mahindi ya Itiryo nzima, ng'ombe wa mahari, wagonjwa na maharusi, na siku moja mgonjwa na bi harusi safari hiyo hiyo. Ila wiki hii limeanza kumisi. Linatetemeka, linakohoa, likiona mlima linazima. Hapo ndipo baba mdogo Joel alipopata sababu ya kutaka liuzwe.

Baba mdogo Joel anafanya kazi kambi ya watalii kule Natta. Akija nyumbani anakuja na kofia ya kaki na neno "uwekezaji". Pale lori linapolala anataka kujenga kambi ya utamaduni, wazungu waje kuwaona Wakurya. Alishamleta Tamimu, mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Tarime mjini. Tamimu mpole sana. Aliwaamkia wazee wote, halafu akaligonga lori ubavuni kwa vidole kama daktari anavyogonga kifua cha mtu.

"Mashallah," akasema. "Vyuma vya siku hizi havina nyama kama hii."

Kikao cha ukoo kikakaa, kikaamua. Leo kabla jua halijazama, lori lipande mlima mpaka kanisani bila kuzima. Likifika, linabaki. Likizima, kesho Tamimu anakuja na mtungi wa gesi ya kukatia.

Babu alisema neno moja tu. "Wakilikata, na mimi wanipime kwa kilo."

Shida ni kwamba fundi wetu Ashiraf yuko Mwanza anamuuguza mama yake. Ikabidi alitibu lori kwa sauti za WhatsApp. Simu yenye WhatsApp hapa nyumbani ni ya mama, mama alikuwa shambani na simu kaniachia, kwa hiyo mdomo wa fundi nikawa mimi. Mimi ambaye darasani nikiulizwa jina langu nafikiria kwanza.

Nikamrekodia Ashiraf ule mlio. Akajibu hapo hapo.

"Lilian, hiyo si kumisi tu, hiyo ni vita. Jana mliniambia inakohoa, leo inapiga mabomu. Nani amegusa waya za plagi?"

Aliyegusa ni Mzee Kisyeri, kaka mkubwa wa babu. Mzee Kisyeri ndiye mkubwa wa ukoo wote, na akishasema jambo, limesemwa. Alfajiri alizichomoa waya zote sita akazifuta vumbi, akazirudisha. Nikaenda kuzitazama. Amezipanga moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, vizuri kabisa, kama wanafunzi mstarini.

Ashiraf aliposikia akacheka mpaka akakohoa. "Waambie wazee injini haipigi hivyo. Inapiga moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Wapange upya."

Haya, sasa mtoto wa kidato cha tatu amwambie nani apange upya? Nikapiga goti kidogo, nikaongea na viatu vya Mzee Kisyeri.

"Shikamoo babu. Fundi anasalimia sana. Anasema kazi ni nzuri. Anaomba tu, kama hamtajali, baada ya moja ije tano."

"Tano?" Mzee Kisyeri akawageukia wenzake. "Mmesikia? Wa tano amtangulie wa pili! Hata siku ya tohara, mura, kijana wa mwisho, anaweza kumruka kaka yake?"

"Haiwezekani," wazee wakasema.

"Hiyo injini imelelewa na nani?"

Wakaanza kujadili adabu ya injini. Babu yeye alikuwa anazungusha funguo kidoleni, anatazama jua. Baba mdogo Joel alikaa kwenye kiti cha plastiki na kofia yake, ametulia kama mtu anayesubiri ubwabwa wa bure.

Nikakimbilia jikoni kwa bibi. Bibi Scholastica ni mke mdogo wa babu. Bibi mkubwa alishafariki, ila zamani walikuwa nyumba mbili uani hapa, na bibi mpaka leo anakumbuka nani alipewa paja la mbuzi mwaka gani. Nikamnong'oneza habari yote, na zile namba. Akazihesabu kwa vidole vyenye unga, akatoka nje na mwiko wake.

"Nyie wazee, hizo silinda zimekaaje?"

"Kwa mstari," babu akasema. "Tatu mbele, tatu nyuma."

"Basi hizo za mbele ni nyumba kubwa, za nyuma ni nyumba ndogo. Fundi anasema moja, hiyo nyumba kubwa. Tano, nyumba ndogo. Tatu, kubwa. Sita, ndogo. Mbili, kubwa. Nne, ndogo." Akamnyooshea babu mwiko. "Wanapokezana. Wewe mzee, ulishawahi kuipa nyumba moja mara mbili mfululizo, ukalala salama?"

Wazee wakacheka, mmoja akapiga paja. "Zile sufuria zilikuwa zinaruka hapa!"

"Ndiyo hayo mabomu ya asubuhi," bibi akasema, akarudi jikoni kwake.

Mzee Kisyeri akafikiri. Ana wake watatu, anajua. Akasema kumbe injini ina mila, ila hawa mafundi wa mjini hawajui kueleza. Waya zikapangwa kwa zamu. Babu akapiga stata, lori likawaka. Mabomu hakuna tena, ila bado lilikuwa linaunguruma kama mtu mwenye mafua.

Ashiraf akatuma sauti nyingine. "Hapo vizuri. Sasa tunarudi kwenye ugonjwa wenyewe, taimingi. Chini ya distribyuta, hapo zinapotokea waya za plagi, kuna nati, nadhani imelegea, ndiyo maana moto unafika umechelewa. Babu aizungushe distribyuta kidogo kidogo huku anasikiliza. Injini ikitulia, akabe nati. Halafu mtu yeyote asiguse. Umenisikia? Hata kwa maombi, asiguse."

Babu akavua koti. Akainama na mkono mmoja kwenye distribyuta, macho amefumba, anageuza kama anayetafuta stesheni ya redio. Lori likakohoa, likanguruma, halafu likatulia. Lilitulia mpaka nikasikia kuku wanachakura. Babu akatabasamu na meno yote aliyobaki nayo.

"Mke wangu," akaniambia mimi, "lete spana."

Nikampa. Na hapo baba mdogo Joel akainuka kwenye kiti chake.

"Wazee wangu, samahani," akasema kwa sauti ile ya kuongea na watalii. "Tunafunga kitu cha ukoo, na mkubwa wa ukoo hajaweka mkono? Mimi ni kijana tu, labda mila zimebadilika."

Mtu huyu mwaka jana alikataa kuja kwenye tambiko kwa sababu ya vumbi.

"Fundi amesema asiguse mtu," nikasema. Nilisema kweli, ila nadhani nilisema ndani ya mtandio wangu, maana hakuna aliyegeuka.

Babu alikuwa ameishika ile spana kama mtoto anayekaribia kunyang'anywa andazi. Angesema nini? Akamwachia kaka yake nafasi.

Mzee Kisyeri akaisogelea injini. Mtu mkubwa hawezi kuweka mkono kidogo, wataona amezeeka. Akaigeuza distribyuta kiume. Lori likaruka, likatema moshi. "Mnaona?" akasema. "Imepata nguvu." Akakaba nati mwenyewe mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Jioni tulienda wote mlimani. Lori likafika nusu ya mlima likigonga kama mtu anayebisha hodi kwa mdeni wake, likazima. Tukaweka jiwe kwenye tairi. Mzee Kisyeri akasema ni petroli, hii ya magendo ya Sirari. Wazee wakasema kweli, petroli. Mmoja akasema labda kijicho. Hakuna aliyesema distribyuta.

Tamimu, aliyekuja kushuhudia, akamwonea babu huruma, akasema gari la gesi litachelewa kidogo kesho, kwa hiyo wanaweza kujaribu mara moja tena jua likichomoza. Baba mdogo Joel akamshukuru kwa uungwana wake.

"Babu," nikamwambia tukishuka, "si urudishe tu pale ilipokuwa?"

"Nirudishe mkono wa kaka yangu?" Akatikisa kichwa. "Watasema nimemtukana. Hapana, mke wangu. Acha."

Usiku huu amekataa kula. Amerudi mlimani kulala kwenye kiti cha dereva, anasema analinda betri.

Bibi alikuwa anasonga ugali wa mtama, hakunitazama. "Mtu mzima akikosea, anaitiwa kikao," akasema. "Mtoto akikosea, anachapwa tu, yanaisha." Halafu akaniuliza kama najua spana iko wapi.

Najua. Iko hapa mapajani kwangu. Nimemwandikia Ashiraf, maana nikirekodi sauti wataamka:

"Shikamoo fundi. Ni Lilian wa Itiryo. Wameigusa. Spana ninayo na nati naijua. Nikishalegeza, distribyuta niirudishe upande wa redieta au upande wa dereva? Nijibu haraka kabla sijaogopa."

Tiki moja, haijamfikia. Mpaka sasa tiki moja.