Oktavia Hashuki

Barua haikuwa ya Oktavia. Iliandikwa kwa misheni, kwa kuwa misheni ilikuwa na shamba la mbegu, na Sista Anjela alipoisoma aliacha chai yake mezani. Alipanda baiskeli mpaka Kifanya, akamkuta Oktavia bondeni anapandishia udongo viazi.

Ilikuwa Jumatano, Februari 1996. Barua ilisema kamati ya mbegu itakaa Arusha Ijumaa saa tisa alasiri kupitisha mbegu mpya za kampuni binafsi. Mojawapo ni kiazi kilichopewa jina la Fanaka: ganda jekundu, ndani kina pete ya zambarau, kinastahimili ugonjwa wa ukungu. Mwenye pingamizi afike mwenyewe.

Oktavia aliomba Sista arudie pale penye pete ya zambarau. Kisha akachomeka jembe ardhini.

Kiazi kile alikuwa anakijua kuliko alivyozijua nyayo zake. Mwaka 1987 ukungu ulipiga bonde lote, mashamba yakawa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Katika kinyungu chake, kile kishamba cha bondeni alichoachiwa na marehemu mumewe, shina moja tu lilibaki kijani. Alilifukua, akapata viazi saba. Hakuvila, ingawa mwaka ule watoto walilala na uji mwepesi. Alivipanda, akachagua, akapanda tena, msimu hadi msimu, mpaka vikajaa bonde na kufika soko la Makambako. Huko wachuuzi waliviita viazi vya Oktavia.

Miaka miwili kabla ya barua hiyo alikuja kijana mtaalamu wa kampuni iliyoleta Fanaka hiyo, jina lake Ronald. Alikaa kwa Oktavia siku tatu, akala na kulala hapo, akaondoka na gunia moja la mbegu. Alisema anakwenda kupima kama zina ugonjwa. Hakurudi.

Shemeji wa Oktavia, Marcelino, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, alipata habari kabla Oktavia hajamaliza kunawa miguu. Alikuja akasimama uani. Kampuni ilikuwa imemwahidi uwakala wa kuuza mbegu wilaya nzima, na hakulificha hilo. Alisema kwamba siku hizi biashara ni huria, mwenye karatasi ndiye mwenye mali, na kwamba mwanamke aliyeishia darasa la nne akienda kubishana na wasomi Arusha ataaibisha ukoo.

Oktavia alikuwa anapanga viazi kwenye kikapu.

"Shemeji, siku nilipokifukua kiazi hiki, ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi na Arusha usiwepo."

Alipanda lori la mbao lililokuwa linapitia Njombe, akafika Makambako jua likiwa bado juu na upepo wa mji ule ukipeperusha vumbi na makaratasi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ghala la Ashura.

Ashura alikuwa mzaliwa wa Kondoa. Alikuja Makambako akimfuata mume aliyekuwa dereva wa lori. Mume aliondoka, yeye akabaki na biashara. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kupakia viazi vya Oktavia kwenda Dar es Salaam, na tangu serikali ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa wenyewe alikuwa ameshakwenda Dubai mara mbili. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Kisha akahesabu kwa vidole. Basi la Alhamisi alfajiri lingemfikisha Oktavia Dar es Salaam jioni. Basi lingine la kwenda Arusha lingemfikisha Ijumaa magharibi, mkutano ukiwa umeisha.

"Dada, hapa ni ndege tu," alisema.

Oktavia alicheka. Ashura hakucheka. Alikwenda posta kumpigia simu mdogo wake Mudy, mwenye duka Kariakoo, amkatie Oktavia tiketi ya Kilimanjaro ya Ijumaa asubuhi, daraja la kawaida. Oktavia alipotaka kuuliza gharama, Ashura alimkata kauli: miaka mitano amekula kupitia kiazi kile, leo kiazi kinachukuliwa, yeye akae anatazama?

Usiku ule, kabla ya kulala, alimfundisha. Kuna tiketi, kijitabu chenye karatasi nyekundu za kaboni. Kaunta watachana ukurasa mmoja na kukupa kadi ya kupandia. Kwenye kadi kuna namba ya kiti. Kiti hicho ni chako mpaka ndege itue. Kisha akamwambia jambo ambalo yeye mwenyewe alijifunza kwa machozi safari yake ya kwanza, alipoambiwa apishe watu wakubwa akapisha, akalala uwanjani siku mbili.

"Ukishakaa, usiinuke. Watakuita mama, watakuita bibi, watakuchekea. Usiinuke."

Alhamisi Oktavia alifika Dar es Salaam kwa basi, na Ijumaa asubuhi Mudy alimfikisha uwanja wa ndege, akamwacha mlangoni. Askari alifungua kikapu, akauliza hivi ni nini. Oktavia akajibu ni viazi, kama anavyoona. Watu nyuma yake walicheka. Kaunta walitaka kikapu kiingie kwenye mizigo, akakataa. Walipokipima wakakuta hakijazidi uzito, wakamwachia.

Kiti chake kilikuwa 14A, dirishani. Katikati alikaa mwalimu mstaafu aitwaye Nahumu, mzee mwenye koti la sufu asiyejali joto. Alimsaidia kufunga mkanda na kumwonyesha jinsi unavyofunguliwa. Oktavia alisukuma kikapu chini ya kiti cha mbele, akatazama bawa la ndege, akasali kimya.

Mlango ulikuwa haujafungwa. Mhudumu, binti mwenye skafu shingoni, alikuja pamoja na mwanamume wa ofisi aliyeshika redio ya mkononi. Walipita mstari baada ya mstari wakitazama watu, si namba za viti. Waliwapita wenye suti, wakawapita Wazungu wawili wenye mabegi ya kupandia mlima. Wakasimama kwa Oktavia.

Yule mwanamume aliinama, akasema kwa upole kwamba ndege imejaa, kuna abiria mwenye dharura ya kikazi, kwa hiyo mama ashuke, ataondoka kesho.

"Kwa nini mimi?" Oktavia aliuliza.

Tiketi yake ilikuwa na hitilafu kidogo, alijibiwa.

Oktavia aliitoa kifuani, akaifungua juu ya mapaja yake. "Nionyeshe hitilafu."

Mwanamume aliitazama, akaitazama tena, akasema hilo ni jambo la ofisini. Nyuma yake alitokea kijana mwenye mkoba wa ngozi, jasho likimtiririka kwa kuwahi. Alikuwa Ronald. Alimwona Oktavia, uso ukambadilika.

"Mama Oktavia? Unakwenda wapi?"

"Ninakokwenda wewe."

Hapo Oktavia alielewa yote. Si kwamba Ronald alipanga. Hata yeye alikuwa hajui ni nani anayeshushwa kwa ajili yake. Lakini kama angeshuka, kijana huyu angesimama mbele ya kamati saa tisa bila mtu wa kumuuliza neno. Aliiweka mikono yake, iliyozoea jembe, juu ya mkanda.

Mwenye redio alipoteza upole. Alisema anachelewesha ndege nzima. Abiria mmoja mbele alisema kwa sauti kwamba watu wana shughuli zao, huyo mama ashushwe waondoke. Mwingine akaunga mkono. Hilo lilimuuma Oktavia kuliko maneno ya mwenye redio, kwa sababu hawakumjua na hakuwa amewakosea.

Alijibu kwa sauti iliyosikika mpaka viti vya nyuma, Kiswahili chake kikiwa na lafudhi ya Kibena ambayo siku zote mjini alijaribu kuificha.

"Na mimi nina shughuli. Shughuli yangu ni saa tisa leo, si kesho. Kama kuna mtu hapa ana tiketi nzuri kuliko hii, aionyeshe. Mimi nimekaa. Mkanda huu nitaufungua Kilimanjaro."

Rubani alitoka chumbani mwake kuuliza kilichowakwamisha. Alikuwa mtu mfupi, mvi zimeanza kuota. Aliomba tiketi na kadi, akazisoma zote mbili, kisha akamuuliza mwenye redio kasoro iko wapi. Mwenye redio akasema ni maagizo ya ofisini.

"Ofisi hairushi ndege," rubani alisema. "Mama hashuki."

Ndipo mzee Nahumu alipofungua mkanda wake. Alisema yeye anakwenda harusi ya Jumapili, angeweza kuondoka hata kesho, na tangu walipoingia alikuwa anasubiri kuulizwa. Hakuna aliyemuuliza kwa sababu amevaa koti. Alichukua kofia yake, akamwinamia Oktavia kidogo, akashuka.

Basi ikawa kwamba Ronald alikaa kiti cha katikati, bega kwa bega na Oktavia.

Ndege ilipoondoka ardhini masikio ya Oktavia yaliziba, akashika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Jiji likawa mabati, mabati yakawa madoa, kisha mawingu. Mhudumu alileta soda na karanga. Alipompa Oktavia alimwambia polepole, bila kumtazama mwenye kiti cha katikati, kwamba amefanya vizuri.

Robo saa ikapita. Ronald alianza kwa kuuliza habari za nyumbani. Kisha akafika alikokuwa anakwenda. Alisema hakuna aliyemwibia mtu. Yeye Oktavia alikuwa na kiazi, kampuni ina maabara. Mbegu bila karatasi haitambuliki popote. Kama asingesimama kupinga, kampuni ingeweka picha yake kwenye kila mfuko, na angepewa uwakala yeye badala ya shemeji yake.

Oktavia aligeuka. "Kwangu ulikaa siku ngapi?"

"Tatu."

"Ulilala kitanda cha nani?"

"Cha mwanao."

"Uliniambia gunia lile unalichukua kwa kazi gani?"

Ronald aliitazama soda yake. "Mama, mimi ni mwajiriwa tu."

"Najua, mwanangu. Na mimi si mwajiriwa wa mtu."

Upande wa dirisha mlima ulijitokeza juu ya mawingu, mweupe, mkubwa kuliko alivyowahi kufikiri kitu kinaweza kuwa. Oktavia aliutazama mpaka ndege ilipoanza kushuka.

Kilimanjaro uwanjani gari la kampuni lilikuwa linamsubiri Ronald. Kwa aibu au kwa utu, alimwambia mama apande. Oktavia alipanda. Kukataa kungemchelewesha, naye hakusafiri njia yote ile kuja kukataa magari.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wenye meza ndefu na watu kumi na mmoja, mwenyekiti wao mwanamke, Daktari Ema. Fanaka ilipotajwa, Oktavia alisimama, akasema jina lake na kijiji chake, na kwamba kiazi hicho ni cha Kifanya. Mjumbe mmoja alimuuliza ana hati gani. Akasema hana. Aliomba tu kumuuliza mtaalamu swali moja, na Daktari Ema akamruhusu.

"Kiazi hiki kikishavunwa, hulala muda gani kabla ya kuchipua?"

Ronald alifungua faili. Miezi miwili, ilisema karatasi.

Oktavia alimwaga kikapu mezani. "Hivi nilivivuna mwezi wa kumi. Hesabuni. Leo ni mwezi wa nne tangu hapo, na macho ndiyo kwanza yanafumbuka. Mkiviweka gizani vinaoza. Sharti vikae penye mwanga. Nilipoteza misimu miwili kulijua hilo. Yeye amekipanda mara ngapi?"

Viazi vilipitishwa mkono kwa mkono. Daktari Ema alikata kimoja kwa kisu cha barua, pete ya zambarau ikaonekana, akakishika muda mrefu. Kisha akamuuliza Ronald: kama mbegu ilizalishwa na kampuni, wazazi wake ni aina gani, na shamba la majaribio liko wapi? Ronald alisema angeomba muda wa kuwasiliana na ofisi yake. Aliliangalia faili lake wakati anasema hivyo, si watu.

Kamati haikumpa Oktavia ushindi siku ile. Iliiondoa Fanaka kwenye orodha, ikaagiza kiazi kipandwe kwenye kituo cha utafiti misimu miwili, kwa mbegu kutoka kinyungu cha Oktavia. Alirudi kwa basi siku mbili, miguu imevimba.

Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu. Kampuni ilimnyima Marcelino uwakala, naye hakumwamkia Oktavia hata kanisani. Wengine walisema amefukuza neema kijijini. Alilima tu. Mwaka 1998 mbegu ilisajiliwa kwa jina la Kifanya, mali ya kikundi cha wakulima, na Daktari Ema akaandika barua kwa mkono wake kumwarifu.

Mwaka huohuo ukungu ulirudi. Shamba la Marcelino, alilopanda mbegu za dukani, liliungua lote. Alikuja kwa Oktavia asubuhi moja, akasimama uani na debe tupu mkononi. Oktavia alimpimia mbegu madebe mawili mbele ya wanakikundi waliokuwepo. Alimwambia achukue, ni shemeji yake na watoto ni wa ukoo. Lakini aliongeza kwamba Jumapili baada ya misa kikundi kitachagua mwenyekiti, naye atagombea.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Mikono mingi ilikwenda juu mara jina la Oktavia lilipotajwa. Marcelino alinyoosha wake mwisho kabisa, baada ya kutazama kulia na kushoto.