Tairi za Mnara wa Sita

Mtambo wa kumwagilia wa lile shamba ulikuwa bomba refu la karibu mita mia nne, limebebwa juu na minara saba ya chuma, kila mnara na magurudumu yake mawili. Ncha moja ya bomba ilifungwa katikati ya shamba, na minara ikalizungusha polepole mahindini, maji yakidondoka njia nzima. Aliyeutengeneza ukiharibika ni fundi mkuu, mtu wa miaka hamsini na mbili, mgumu wa kubadili neno. Aliyeufuata kila siku kwa miguu, mnara hadi mnara, ni shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike. Kazini walimwita Tope, maana hakuna aliyewahi kuona rangi halisi ya viatu vyake.

Msimu uliotangulia, tairi zilimtesa fundi. Zilikuwa za upepo, na miba iliyopeperuka kutoka kwenye uzio ikazitoboa ovyo. Kila pancha ilimaanisha kubeba jeki na mbao, kupenya katikati ya mahindi yaliyompita kimo, kisha kulala chali matopeni huku meneja akipiga simu kuuliza mtambo umesimama kwa nini. Mwezi mmoja aliziba pancha kumi na tisa. Mgongo ukaanza kumlalamikia. Kwa hiyo alipoambiwa achague tairi mpya, moyoni alikuwa ameshachagua kitambo: za mpira mgumu, nyembamba, zisizojazwa upepo. Mwiba ukitaka kuingia, na uingie.

Tope alipopata habari alimfuata karakana. Alimweleza kwamba minara minne ya ndani inapita kwenye mchanga, huko tairi yoyote itafaa. Lakini kuanzia wa tano kwenda nje, mtambo ukifika upande wa bondeni, magurudumu yanakanyaga udongo mweusi, ambao ukilowa haubebi kitu. Tairi nyembamba na ngumu itaukata kama kisu. Mnara wa sita ndio uliomtia wasiwasi zaidi, kwa sababu unapita katikati kabisa ya bonde. Akaomba huko ziwekwe tairi pana, za upepo kidogo, hata kama zitapata pancha.

Fundi hakuinua macho kutoka kwenye orodha ya tairi. Alijibu kwamba hawezi kutunza tairi za aina mbili kwa mtambo mmoja, kisha akamtania kuwa hilo tope analipenda kuliko mkewe. Tope alicheka kidogo, akaaga. Bonde lilikuwa mwendo wa dakika kumi tu kutoka karakana. Fundi hakwenda. Alijiambia analijua.

Tairi ngumu zilipofungwa, wiki tatu hapakuwa na pancha hata moja, na meneja alimpa fundi mkono mbele ya watu. Tope, kwa upande wake, alileta habari nyingine: njia ya mnara wa sita imechimbika hadi kifundo cha mguu, halafu hadi nusu ya muundi. Alimwaga changarawe, ikamezwa. Fundi alimwambia avute subira, udongo utajishindilia wenyewe.

Jumanne moja asubuhi gurudumu la mnara wa sita lilizama hadi kwenye ekseli. Minara mingine ikaendelea kusogea, bomba likapinda, swichi ya usalama ikakata umeme, mtambo wote ukasimama. Tope alichimba mbele ya gurudumu na kutandika mbao mbili. Fundi alisimama kwenye sanduku la umeme la mnara. Tope aliinua mkono kuonyesha yuko tayari, na fundi akabonyeza swichi ya kulisogeza gurudumu.

Gurudumu lilipanda ubao. Kisha ile tairi nyembamba ikateleza pembeni, ikaporomoka kwenye shimo lililochimbwa, na mguu wa Tope ulikuwa bado humo.

Fundi alizima mara moja. Lakini kuunyanyua mnara kulichukua dakika ishirini, kwa sababu jeki nayo ilikuwa inazama kila alipoipampu. Muda wote huo Tope hakupiga kelele. Alikuwa akimwelekeza kwa sauti ndogo pa kuweka ubao.

Hospitalini waliuokoa mguu, ila vidole vinne vilikatwa.

Meneja alileta fomu ya taarifa ya ajali. Alisema kwa upole kwamba njia rahisi ni kuandika kuwa mfanyakazi alisimama mahali palipokatazwa. Si uongo, alisema, kweli alisimama hapo. Fundi alichukua fomu, akaikunja, akaenda nayo hospitali.

Mdogo wake alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, mapajani ana mfuko wa plastiki wenye nguo za mumewe na kiatu kimoja. Hakusimama kumpokea.

"Kaka, mume wangu alikuambia kuhusu lile bonde, au hakukuambia?"

Angeweza kusema mambo yalikuwa mengi, hakumbuki. Jibu hilo lilimfika hadi kwenye ulimi.

"Aliniambia."

"Ukaenda kuliona?"

"Sikwenda."

Mdogo wake aliufunga mfuko fundo, akalikaza, akalikaza tena.

"Basi kaandike hivyo hivyo ulivyonijibu."

Akaingia wodini na kurudisha mlango.

Fundi aliandikia pale pale kwenye benchi, fomu ikiwa juu ya goti. Aliandika kwamba tairi hazikufaa kwa udongo wa bondeni, kwamba alionywa, kwamba hakwenda kukagua, na kwamba swichi aliibonyeza yeye bila kwanza kumtazama mwenzake miguuni. Meneja aliisoma mara mbili, akamuuliza kama anaelewa anachotia sahihi. Akasema anaelewa. Ukuu wa ufundi akapewa mwanamke aliyekuwa akishughulika na pampu, na agizo la kwanza la mama huyo lilikuwa kwamba fundi achague tena tairi, amalize alichokiharibu.

Safari hii alianzia nyumbani kwa Tope, aliyekuwa ameanza kutembea kwa magongo. Fundi alikuwa amejiandalia maneno ya kuomba radhi. Tope alimkatisha katikati.

"Pole zimenitosha, shemeji. Vua viatu, ukaukanyage ule udongo mwenyewe."

Walikwenda kwa tela la trekta, Tope akibaki juu na kuelekeza. Fundi aliifuata njia ya mnara wa sita peku, na alipofika bondeni akadidimia hadi magotini, ikabidi ashike mahindi ili ajitoe. Walikubaliana minara minne ya ndani ibaki na tairi ngumu. Mitatu ya nje iwekwe tairi pana zenye meno marefu, za upepo mdogo, ndani zitiwe dawa ya kuziba pancha. Tope aliongeza jambo ambalo fundi hakulifikiria: vinyunyizio vilivyo karibu na magurudumu vigeuzwe, maji yaangukie nyuma ya mnara, mahali gurudumu lilipokwisha kupita.

Tairi zilipofungwa, fundi alitembea sambamba na mnara wa sita bondeni kote, saa baada ya saa. Zilibonyeza udongo, hazikuuchimba. Wiki iliyofuata zilipatikana pancha mbili, dawa au si dawa, naye akalala chali matopeni kama zamani.

Tope amerudishwa kazini, lakini kwenye chumba cha pampu, kazi ya kukaa. Ameshasema chumba hicho kinamkondesha, kutwa nzima anatazama mageji na ukuta.

Fundi huwatembelea kila Jumapili. Zamani aliingia nyumba ile bila hodi na kujifunulia sufuria mwenyewe. Siku hizi mdogo wake humkaribisha vizuri sana. Humfutia kiti, humletea maji kwenye sinia, humuuliza habari za nyumbani kwake. Akiaga, humshukuru kwa kuja na kumsindikiza hadi mlangoni, kama wanavyosindikizwa wageni.