Fundo la Isale

Tangu azaliwe, Dainess alikuwa akiuona mlima kwa mbali. Kwao ni kule chini, kwenye mashamba ya miwa, ambako baba yake alifika kutoka Singida kutafuta kazi na hakurudi tena. Asubuhi mlima ulikuwepo, mchana mawingu yaliufunika. Hakuwahi kufikiri kwamba ndani ya mawingu yale kulikuwa na watu wanaogombana.

Siku yake ya kwanza gazetini alitumwa huko huko.

"Nafasi ya mafunzo ni moja, na chuo kimeniletea wanafunzi wawili," alisema Bi Flavia, mhariri, macho yakiwa kwenye kompyuta. "Mwenzako Given yuko Chekereni, kwenye mpunga. Wewe nenda Kilema. Kuna mzee anaitwa Vedastus, amemzibia maji mdogo wake. Walitukanana kwenye msiba wa mama yao, tangu hapo hawasemeshani. Atakayerudi na habari ya kweli, iliyokamilika, ndiye atabaki. Umenisikia?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi sijakusikia."

"Ndiyo, mama," Dainess alirudia, na sauti ikatoka kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Davis, mpiga picha, akacheka. "Huyu atawahoji watu kwa ishara."

Walipanda kwa pikipiki ya Davis. Joto la mjini likabaki nyuma, migomba ikasogea pande zote mbili, na ukungu ukaja taratibu ukakaa juu ya majani ya kahawa. Kila mahali palisikika maji bila kuonekana, kama watu wanaoongea kwa sauti ya chini nyumba ya jirani. Mlima wenyewe ulikuwa umepotea. Dainess aliona kama ameingia ndani ya kitu alichozoea kukitazama kwa nje, na huko ndani hakikuwa na umbo, kilikuwa na ubaridi tu na harufu ya moshi wa kuni.

Njia ikawa tope tupu. "Tangulia," Davis akasema. "Nyumba yenye bati jekundu. Naegesha hii, nakufuata."

Akatembea peke yake. Pembeni ya njia, kwenye mpaka wa shamba, ulisimama mstari wa mimea yenye majani marefu, ya kijani, yanayong'aa kwa unyevu. Alikuwa anaogopa. Nyumbani, akiogopa, mikono huipa kazi. Mama yake alimfundisha kusuka mikeka angali mdogo. Akakata jani moja, akalizungusha vidoleni, akalifunga fundo bila hata kuliangalia.

"Hodi," alisema pale uani. Hata kuku hawakugeuka.

Mzee Vedastus alikuwa ananoa mundu. Alipoinua uso, hakumtazama Dainess usoni, alitazama mkono wake. Jiwe la kunolea likasimama. Akainuka polepole, akavua kofia.

"Shikamoo, babu."

"Umetumwa?" Mzee aliuliza badala ya kuitikia.

"Ndiyo, babu. Ni kuhusu maji."

Mzee akanyoosha mikono yote miwili. Dainess, kwa kuwa mkubwa akinyoosha mikono huwezi kumwacha hivyo, akampa kile alichokuwa nacho. Alidhani ni salamu ya huku. Mzee akalipokea lile jani kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akalitia kwenye mfuko wa shati, akaelekea migombani. Dainess akamfuata. Ukungu ulikuwa mzito hata mgongo wa mzee ulipotea na kurudi, ukapotea na kurudi.

Kwenye mfereji palikuwa na gogo la mgomba lililokandikwa udongo. Mzee aliingia majini na viatu vyake, akalivuta. Maji yalisita kidogo, halafu yakashuka kuelekea chini, yakibeba majani makavu.

Davis akatokea nyuma, kamera ikalia mara kadhaa. Kisha akaona ule mfuko wa shati. Akamvuta Dainess kando.

"Dada, umempa nini yule mzee?"

"Jani tu."

"Jani tu! Hilo ni isale, tena lina fundo! Huku kwetu aliyekosa akitaka msamaha anatuma isale. Ukiletewa hukatai, hata kama uliapa. Mzee anadhani mdogo wake ameomba radhi."

"Lakini hajaomba."

"Hajaomba." Davis akatazama maji, akaanza kutabasamu. "Basi habari si umepata? Ndugu wapatana, maji yafunguliwa, picha ninazo. Tuondoke. Given bado anahangaika na matope huko."

Ilikuwa rahisi. Angefika mjini kabla ya Given, Bi Flavia angeisoma, nafasi ingekuwa yake. Lakini akilini aliwaona wale ndugu wawili wakikutana kanisani, mmoja akimshukuru mwenzake kwa kuomba radhi, na mwingine akiuliza, radhi gani?

Akarudi kwenye mfereji.

"Babu. Mdogo wako hakunituma. Mimi natoka gazetini. Jani nimelikata mwenyewe njiani. Na fundo nimelifunga kwa sababu naogopa watu."

Aliyasema yote kwa mara moja, na yakasikika. Davis akashika kichwa.

"Wewe kwenu wapi?" mzee akauliza.

"Kule chini, kwenye miwa."

"Ndiyo maana." Mzee akaketi ukingoni, miguu bado majini. Gogo lilikuwa karibu na mkono wake, na Dainess akangoja alirudishe mahali pake. Maji yalipita. Ndege mmoja alilia mle ukunguni, akanyamaza.

"Nilipoliona," mzee akasema, "unajua niliwaza nini kwanza? Si maji. Niliwaza, basi mdogo wangu Ildefonce atakula Krismasi hapa."

Akatoa jani mfukoni, akaligeuzageuza.

"Fundo gani hili? Umefunga kama mtu wa mikeka."

"Ndiyo, babu. Nimefundishwa mikeka."

Akalifungua, akalifunga upya kwa vidole vyenye tope, akamrudishia. "Sasa nakutuma mimi. Fuata maji, utamkuta. Nyumba yake ndiyo inayofuata."

"Tunaweza kwenda pamoja na mwenzangu?"

"Huyo? Ataanza kupiga picha kabla ya salamu. Nenda wewe."

"Sasa mimi nimekosa nini, meku, mzee wangu?" Davis akalalamika, lakini alibaki pale alipo. Kisha akamwita Dainess kwa sauti ya chini: "Na gazetini utaandikaje?"

"Kama ilivyotokea."

"Pamoja na ujinga wako?"

"Na huo pia."

Akashuka, mfereji ukiwa upande wake wa kulia, jani mikononi. Mikono haikutafuta kazi. Ukungu ulipasuka mahali pamoja, na chini kabisa, mbali, akaona tambarare yote ya miwa, ndogo na ya buluu.

Maji yalikuwa yamemtangulia. Mzee mmoja alisimama ukingoni, jembe begani, akiyatazama kama mtu asiyeamini.

"Hodi!" Dainess akaita. Kuku wakatawanyika.

Mzee akageuka. Akaliona jani. Jembe likashuka polepole kutoka begani.

"Nani amekutuma?"

"Kaka yako, babu," akasema, akalinyoosha kwa mikono miwili.