Saini ya Pili

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, nafuta lenzi za majaribio. Ziko mia mbili sitini na sita ndani ya sanduku lake, kila moja na duara lake la chuma na kimkia chenye namba. Nazifuta moja moja kwa kitambaa laini huku nikisikiliza mashine ya mama ikisaga lenzi za wateja upande wa pili wa duka. Mlio wa mashine hiyo haupandi wala haushuki. Jumanne ile nilikuwa nimefika lenzi ya tisini na moja mashine iliponyamaza.

Mama hazimi mashine katikati ya lenzi. Lenzi iliyokatizwa hutupwa, na mama si mtu wa kutupa kitu. Alikuja akasimama mbele yangu, aproni imejaa vumbi jeupe, simu mkononi.

"Mwambie mama yako mkubwa asaini."

Mama mkubwa, yaani dada yake mama, alikuwa hatua nne kutoka pale, nyuma ya pazia la chumba cha kupimia macho. Pazia lenyewe ni jepesi. Ukipiga chafya upande mmoja, unaombewa afya upande wa pili.

Nikafungua pazia. "Mama mkubwa, mama anasema usaini."

"Mwambie nimekataa."

Nikageuka. "Amekataa."

"Hilo naliona," mama alisema, akinionyesha alama nyekundu kwenye simu. "Muulize sababu."

"Mwambie sijaridhika," sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Anasema hajaridhika."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Basi mimi naweza kuendelea na lenzi?" niliuliza.

Nikachukua lenzi ya tisini na mbili.

Walikuwa hawajasemeshana kwa wiki tatu. Duka la miwani ni la wote wawili: mkubwa anapima macho, mdogo anakata lenzi na kuzitia kwenye fremu, na mimi nafanya yaliyobaki. Wiki tatu nyuma, dereva mmoja wa lori alirudi na miwani yake mpya akisema barabara imepinda. Mama hakusubiri. Alimkalisha, akampima mwenyewe mbele ya wateja wawili waliokuwa kwenye benchi, akamkatia lenzi nyingine. Dereva akaondoka akisema barabara imenyooka. Mama mkubwa alisema, "Kumbe siku hizi tuna wapimaji wawili," na tangu hapo maneno yote kati yao yakawa yanapitia kwangu, pamoja na yale ya nani amechukua bisibisi.

Lakini pochi yetu haijui ugomvi. Hiyo pochi niliifungua mimi. Lenzi ghafi tunaziagiza kiwandani, nchi ya mbali, na zamani tulilipa kwa benki, mpaka siku fedha ziliporudishwa baada ya wiki mbili kwa sababu jina la kiwanda lilikosa nukta. Nilipomaliza chuo nikawashauri tulipe kwa dola za kidijitali, zile ambazo thamani yake haiyumbi, zinazosafiri kwenye blokcheni, lile daftari la mtandaoni ambalo kila mtu anaweza kulisoma, na kufika kabla hujamaliza kunywa chai. Ubaya wake ni kwamba zikienda zimekwenda. Ukikosea anwani, hakuna dirisha la kulalamikia wala meneja wa kumwona. Ndiyo maana niliwafungulia pochi ya saini mbili. Mmoja anaandaa malipo kwenye simu yake, mwingine anayasoma kwenye simu yake na kubonyeza kijani au nyekundu. Bila kijani cha pili, senti haitoki.

Pia nilitunga utaratibu. Anwani ya kiwanda, tarakimu na herufi arobaini baada ya sifuri na eksi, niliichapa kwenye kadi, nikaandika chini yake kwamba kwa kila malipo isomwe yote kwa sauti kabla ya kusaini, na kwamba dola moja itangulie kila mara, nyingine zifuate kiwanda kikithibitisha. Mama alikuwa anasoma simu, mimi nasoma kadi, mama mkubwa amefumba macho anasikiliza. Tulikwenda hivyo miezi minane bila tatizo. Kadi ilikaa kwenye droo ya meza ya mama mkubwa, ndani ya chumba cha kupimia.

Haya yalikuwa malipo ya kwanza tangu wanuniane.

"Kiwanda kinafunga mwezi mzima," mama aliniambia, kwa sauti ya kumfikia mtu mwingine. "Mzigo unaondoka leo. Fedha zisipofika kabla ya saa sita, mzigo haupandi, na sisi tunakaa mwezi bila lenzi. Watu wamelipia. Tutawavisha fremu tupu?"

Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

Wakati huo kinyozi wa duka la tatu alikuwa ameshaingia na kukaa kwenye benchi, kofia magotini. Alikuwa na miadi ya kupimwa macho.

"Nirudi baadaye?" aliuliza.

"Kaa," mama alisema.

"Kaa," mama mkubwa alisema nyuma ya pazia.

"Angalau kwa hilo mmepatana," kinyozi alisema, akakaa vizuri.

Nikaingia ndani. Mama mkubwa alikuwa ameketi wima, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikono, simu imelala mapajani kifudifudi.

"Hujaridhika na nini, mama mkubwa?" nilimuuliza polepole.

"Na anwani."

"Ina nini?"

"Sijaridhika nayo tu, mwanangu. Lazima niandike barua?"

Hapa niseme jambo ambalo mimi nililijua na mama hakulijua. Tangu mwaka jana mama mkubwa alikuwa ananiomba nimsomee namba za lenzi wakati wa kupima, eti ili nijifunze. Nilikuwa nimeshajifunza. Aliendelea kuniomba. Kisha nikaona kwamba herufi za kwenye kibao anazisema kwa kichwa, akiwa ameangalia pembeni. Halafu mwezi uliopita alilisalimia koti langu lililotundikwa mlangoni, akaliuliza kama limekunywa chai. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilikwenda nikanywa chai.

Mimi si msemaji. Chuoni nilipoteza alama za mahudhurio kwa sababu mwalimu alipoita jina langu niliitikia kwa sauti niliyoisikia mimi peke yangu. Lakini simu ile iliyolala kifudifudi niliielewa. Mama alikuwa amemtumia anwani bila kuisoma kwa sauti, ajisomee mwenyewe, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Nikatoka. "Mama, anwani umeitoa wapi?"

"Kwenye orodha ya malipo ya nyuma. Ipo pale pale, nikainakili."

"Si kwenye kadi?"

"Kadi iko droo ya nani?"

Nikatazama pazia.

"Nimehakiki," mama alisema. "Nne za mwanzo, nne za mwisho. Ni ile ile. Mwambie kama ana kisasi na mimi anisubiri jioni, asilipize kwa mzigo wa duka."

"Mwambie kisasi ningeshalipa siku nyingi," sauti ilisema.

"Mwambie..."

"Tuisome," nilisema.

Kinyozi alinigeukia kama vile kabati limesema.

"Hatuna muda," mama alisema.

"Utaratibu unasema isomwe."

"Utaratibu umeutunga wewe."

"Ndiyo, mama."

"Basi ubadilishe."

"Haubadiliki. Nimeshautia plastiki."

Mama aliniangalia muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta kosa kwenye hoja hiyo. Kisha akavua aproni, akaikunja, akaingia nyuma ya pazia kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa kwa sababu hakuna kingine. Nikafungua droo, nikatoa kadi.

"Mimi nasoma kadi," nilisema. "Mama unasoma simu. Mama mkubwa unasikiliza, wewe ndiye mwamuzi."

Mama mkubwa alinielekezea uso. Sijui aliona nini. Akafumba macho, mikono kifuani, kama zamani.

Anwani hizo zina tarakimu na herufi sita tu, A hadi F, na sisi tulizipa majina ili zisichanganywe.

"Saba," nilisema.

"Saba," mama alisema.

"Nne."

"Nne."

"F ya fundi."

"F ya fundi."

"A ya ami."

"Ami."

"D ya dada."

Mama alikohoa. "D ya duka," alisema.

"Ile ile," mwamuzi alisema, macho yamefumbwa. "Endeleeni."

"Tatu."

Mama alisogeza simu, akaisogeza tena.

"Rudia," alisema.

"Tatu."

"Mimi hapa nina B ya binamu."

"Inayofuata," mama mkubwa alisema.

"Sifuri," nilisema.

"Nane," mama alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Inayofuata."

"E ya embe."

"Moja."

Tuliendelea mpaka mwisho kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuacha. Katikati hapakulingana kitu, ila tano moja ambayo nadhani ilitokea tu. Zilizolingana tena zilikuwa nne za mwisho.

"Maana yake nini?" mama aliuliza, ingawa uso wake ulikuwa umeshajua.

Nikamwomba simu, nikafungua orodha ya malipo ya nyuma. Palikuwa na muamala wa siku sita zilizopita, wa kiasi cha sifuri, ambao hatukuufanya sisi. Huu ni wizi wa kungoja, nikawaeleza. Mtu anaangalia blokcheni, maana malipo yote yako wazi, anaona unamlipa nani. Anatengeneza anwani inayofanana na ya huyo mtu mwanzoni na mwishoni, anakurushia sifuri ili anwani yake ikae kwenye orodha yako. Kisha anakwenda zake kulala. Siku ukiwa na haraka, unainakili mwenyewe.

"Nami nilikuwa na haraka," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mtaji wote, bila hata dola moja kutangulia."

"Ndiyo, mama."

"Na ungekwenda."

"Ungeshafika."

Mama alibaki kwenye kiti cha wagonjwa, mikono ameiweka juu ya magoti kama mtu anayesubiri kuambiwa aangalie juu. Ni mama mkubwa aliyesema, "Saa inakwenda."

Tukafanya upya. Mama aliandika anwani kutoka kwenye kadi, kidole kwa kidole, nami nikamsomea. Tukaisoma tena kwa sauti kutoka mwanzo, na safari hii D ilikuwa ya dada, hakuna aliyelizungumzia hilo. Tukatuma dola moja. Mama mkubwa alibonyeza kijani. Tukamwandikia karani wa kiwandani atuambie kama ameiona, tukakaa watatu kwenye chumba cha mtu mmoja tukisubiri, magoti yanagusana. Saa tano na nusu karani akajibu kwamba dola moja imeingia, na akauliza kama nyingine zinakuja au tumepunguza oda. Tukatuma nyingine. Kijani. Saa tano na dakika arobaini mzigo ukapandishwa.

Mama alifuta uso kwa kiganja, akajiachia mstari wa vumbi jeupe kwenye paji.

"Dada," alisema.

Mama mkubwa alifumbua macho.

"Ulijuaje?"

Kinyozi ndiye aliyejibu, kutoka kwenye benchi. "Jicho hilo, mama. Miaka thelathini anaangalia macho ya watu, herufi itamdanganya wapi? Ndiyo maana mimi nasubiri hapa tangu saa nne na wateja wangu wanaota ndevu."

Mama hakucheka. "Mimi nilisema una kisasi. Kumbe umeniokoa." Akavuta pumzi. "Na yule dereva. Nilikuaibisha mbele za watu, dada. Pengine alikaa vibaya, pengine fremu ilipinda mfukoni mwake. Jicho lako ni zima kuliko langu, hilo nimeliona leo. Nisamehe. Pima watu wako, sitakuingilia tena."

Hayo ndiyo maneno mama mkubwa aliyoyangojea wiki tatu. Nilijua kwa sababu kila jioni nilimfungia duka na kila jioni aliniuliza kama mama yangu amesema chochote. Sasa yalikuwa yamesemwa yote, na zaidi. Kilichobaki kilikuwa kuitikia. Hata kutikisa kichwa kungetosha.

Kinyozi alifungua pazia, kofia mkononi. "Sasa niingie? Au kuna sherehe?"

Mama alinyanyuka kumpisha kwenye kiti. Mama mkubwa akanyoosha mkono, akapapasa hewani kidogo kabla ya kuupata mgongo wa kiti, akaushika.

"Subiri kidogo, kinyozi," alisema. "Mdogo wangu, dereva hakukaa vibaya."

"Dada, tuyaache hayo. Yamekwisha."

"Hayajaisha. Yule mtu anaendesha lori." Alisubiri. Mkono wake kwenye kiti ulikuwa umetulia kabisa. "Anwani sikuijua. Ilikuwa mbaya, ilikuwa nzuri, mimi sikuona hata herufi moja. Mkiisoma naisikia, nasaini. Leo mlinitumia nijisomee. Nilibonyeza nyekundu kwa sababu rangi bado naziona."

"Lakini ulisema hujaridhika."

"Nilisema hivyo. Nilikuwa na maana kwamba sioni. Sioni, mdogo wangu. Huu ni mwaka wa pili."