Nyumba ya Syokau

Kompyuta ya ofisi ya msaada mjini Kitui ilimkataa Syokau mara tatu, na mara ya tatu Mbinya, karani wa kompyuta hiyo, aliipiga kofi ubavuni. Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, mvua imekosa misimu miwili, na lori la mahindi lilikuwa linakuja Ijumaa. Asiyekuwa kwenye orodha angerudi na gunia tupu. Syokau, mama wa miaka sabini na kitu aliyetembea kwa miguu kutoka Mulango, hakuwa kwenye orodha.

Kosa lake? Alioa. Naam, mwanamke huyo alioa, na Ukambani nani hajui jambo hilo? Alikosa mtoto, mumewe akafa, basi akapeleka mbuzi kwa wazazi wa Kalondu kama mwoaji yeyote, akapewa mke wa kuizalia nyumba yake. Mke wa namna hiyo tunamwita iweto. Kalondu alizaa watoto wanne, na wote ni wa Syokau. Kanisani hatulisemi kwa sauti, lakini nyumba hizo zipo, tena tele. Ile programu ya orodha sasa! Ikiona mwenye nyumba ni mwanamke, kisha ikaona ana mke, huandika KOSA na kuitupa kando nyumba nzima, watoto na wote.

Mkubwa wa ofisi, Bwana Muthama, alishauri Syokau aandikwe mwanaume, mambo yaishe. Mbinya akamwuliza mama mwenyewe kwa heshima.

"Nimeoa, mwanangu. Sijageuka mwanaume," Syokau alisema. "Ijumaa nikitoa kipande cha kitambulisho waone mimi ni mama mzee, wataniita mwizi."

Na kumwandika Kalondu kuwa binti yake? Hilo alilikataa kabisa. Watoto wa binti hawana shamba hapo, na shemeji yake Nzomo alikuwa akingoja karatasi kama hiyo, yenye muhuri wa chifu, awafukuze wote.

Hapo Mbinya akaandika. Ofisi ilikuwa na laini ya simu iliyobeba barua za kompyuta mara mbili kwa siku, na kwa laini hiyo aliingia katika baraza la watengenezaji programu, wa Nairobi na wa ng'ambo, ambako barua ya mmoja husomwa na wote. Ndeti, mtu wa Mbooni aliyeitengeneza programu hiyo, alikuwa na sauti kubwa humo. Aliwaletea programu iliyofungwa, ambayo hakuna mwingine angeweza kuirekebisha. Mbinya akaeleza shida, akamwomba awape maandishi ya ndani ya programu, wairekebishe wenyewe.

Jumatano zilikuja barua arobaini. Jameni, arobaini! Mmoja alisema programu za aina hiyo zimepitwa na wakati. Mwingine aliapa kwamba ya kwake ndiyo bora. Wawili waligombana kama fundi ana haki ya kufunga kazi yake au ni lazima aiache wazi, na wa tatu akawakemea kwa matusi yao. Kuna aliyeisifu ile sheria ya KOSA, eti inanasa wadanganyifu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza wale watoto wamekula nini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hawa walikuwa wameshiba hadi maneno.

Ndeti alijibu kwa ufupi. Data ya Kitui ni mbovu, mwanamke haoi mwanamke, programu haina kosa.

Mbinya alifura. Alikuwapo Mbooni siku ya mazishi ya Mbula, nyanyake Ndeti, na kwa masikio yake alimsikia Ndeti akisimulia jinsi nyumba yao ilivyoanza. Akaandika mbele ya wote: "Ndeti, baba yako alizaliwa na mke wa Mbula. Ulilisema mwenyewe kaburini. Yeye pia ni data mbovu?"

Alhamisi asubuhi ilikuja barua kwa Mbinya peke yake. Ndeti alimlaumu kwa kumwaibisha mbele ya watu, akasema mambo ya iweto alikuwa ameyasahau tu, hayakumpitia akilini. Lakini maandishi ya programu aliyatuma.

Mbinya aliitafuta ile sheria. Ilikuwa mstari mmoja. Juu yake palikuwa na maneno ambayo fundi hujiandikia mwenyewe, kompyuta haiyasomi. Ndeti alikuwa ameandika: "Wanawake wenye wake. Kwetu wapo wengi. Waache nje, wafadhili watauliza maswali."

Kumbe hakusahau! Alijua, akapima, akaona aibu yake ni nzito kuliko njaa ya watu. Mbinya aliyanakili maneno yale, akayatuma barazani bila kuongeza lake hata moja. Kisha akafuta ule mstari, akaiendesha orodha upya. Nyumba ya Syokau ilirudi, na nyuma yake zikarudi nyingine sitini na moja, ambazo hakuna mtu aliyekuwa amekuja kuziulizia.